VST2, VST3 au CLAP: uweke ipi kwenye kompyuta ya studio?

Wiki mbili kabla ya Ramadhani alinijia mama mmoja wa Kuze, hapa Mombasa. Mwaka 2014 nilimrekodia wimbo wa harusi ya binti yake wa kwanza. Sasa anamwoza wa pili, na anautaka wimbo ule ule, libadilishwe jina la bi harusi tu.

"Mwanangu, ni jina tu," akaniambia.

"Haya mama, kesho utaupata," nikamjibu, nikiamini ni kazi ya nusu saa.

Nikaifungua projekti. Sauti ya mwimbaji ipo, dumbaki zipo, fidla zipo. Kanuni, ile ala ya nyuzi, haipo. Pale ilipokuwa kanuni pana kidirisha cha kijivu kinachosema plagini, yaani ile programu ndogo ya ala inayokaa ndani ya programu ya kurekodia, haikupatikana. Ilikuwa ya VST2, moja ya miundo ya plagini, tena ya biti 32 (si biti za kuchezea, ni zile za kompyuta), faili la .dll nililopewa kwa flashi na mtu ambaye naye alipewa kwa flashi, na kompyuta yangu mpya ilikataa hata kuitambua. "Kesho" ya yule mama ikawa siku nne.

Tangu hapo, kijana yeyote akija studio na laptopu mpya akaniuliza aweke plagini za aina gani, namkalisha chini. Swali lenyewe hutokea pale unapoweka plagini: kabla haijamaliza, inakuletea visanduku vya kutia tiki. VST2, VST3, AAX, na siku hizi CLAP. Wengi hutia tiki vyote, kisha wakashangaa kwa nini kila plagini inaonekana mara tatu kwenye orodha. Wengine hutia kile kilichozoeleka. Mimi nitavilinganisha vitatu, VST2, VST3 na CLAP, kwa sababu AAX ni ya programu ya kurekodia ya Pro Tools, na anayetumia Pro Tools hana la kuchagua.

Zimetoka wapi

VST ni ya Steinberg, kampuni ya Hamburg, Ujerumani, wenye programu ya kurekodia ya Cubase. Waliitoa 1996. Mwanzoni plagini zilikuwa za kuitengeneza sauti iliyokwisha kurekodiwa: mwangwi, kubana, kuchuja. Toleo la pili, la 1999, ndilo lililoleta ala zenyewe, ukaweza kupiga kinanda kilichomo ndani ya kompyuta. Kisha ikaja 2.4 mwaka 2006, na hiyo ndiyo VST2 ambayo karibu sote tumekulia mikononi mwake.

VST3 ikatoka 2008. Soma tena huo mwaka. Kijana aliyezaliwa mwaka ule leo ana kitambulisho au yu karibu kukipata, na bado watu huiita "ile mpya". Programu ya kurekodia ya Reaper ilianza kuifungua 2015. Ableton Live iliifungua 2019, katika toleo la 10.1, miaka kumi na mmoja baadaye.

CLAP ndiyo kitinda mimba. Ilitolewa Juni 2022 na kampuni mbili za Berlin: Bitwig, wenye programu ya kurekodia ya jina hilo, na u-he, watengenezaji wa sinthi, yaani ala zinazozalisha sauti kwa umeme. Kwa Kiingereza neno hilo ni kupiga makofi, lakini jina lake halina uhusiano na makofi ya kwenye vidumbak, ingawa kila ninapolitaja mtu hucheka.

Tulimalize kwanza la sauti

Kuna uvumi mitaani kwamba VST3 "inalia safi zaidi". Si kweli. Mtengenezaji huandika kiini cha plagini mara moja, yaani hesabu za sauti, kisha hukivisha kanzu ya VST2, kanzu ya VST3, kanzu ya CLAP. Mtu ni yule yule ndani ya kanzu tatu. Ukitaka kuhakikisha, chukua plagini moja ya kubana, weka ya VST2 kwenye njia moja na ya VST3 kwenye njia ya pili, mipangilio ile ile, sauti ile ile, halafu geuza polariti ya njia moja, yaani wimbi lake lipinduliwe. Utasikia kimya. Ukisikia kitu, basi ama mipangilio imetofautiana, ama plagini yenyewe ina kitu cha kubahatisha ndani, kama athari ya korasi inayozunguka ovyo.

Kwa hiyo anayekwambia miksi yako haina uzito kwa sababu unatumia VST2, mwambie akusaidie kupanga dumbaki kwanza.

Programu yako inafungua nini?

Hapa ndipo wengi wanapaswa kuanzia, na ndipo wengi hawaanzii. Plagini ni mgeni; programu mama, ile ya kurekodia, ndiyo mwenye nyumba.

| Programu | VST2 | VST3 | CLAP |
|---|---|---|---|
| FL Studio | ndiyo | ndiyo | ndiyo, tangu toleo la 2024 |
| Reaper | ndiyo | ndiyo, tangu toleo la 5 | ndiyo, tangu 6.71 |
| Bitwig Studio | ndiyo | ndiyo | ndiyo, tangu 4.3 |
| Ableton Live | ndiyo | ndiyo, tangu 10.1 | hapana |
| Cubase | inaondolewa | ndiyo | hapana |
| Logic Pro | hapana | hapana | hapana |
| Pro Tools | hapana | hapana | hapana |

Logic hutumia AU ya Apple peke yake, na Pro Tools AAX yake. Ukiwa na moja ya hizo mbili, chai yako imeshapoa, unaweza kuishia hapa.

Ukitazama safu ya katikati utaona VST3 ndiyo inayopokelewa nyumba nyingi bila masharti. Safu ya mwisho ina wenyeji watatu tu, lakini mmoja wao ni FL Studio, na nikipita studio za vyumbani kutoka Kisauni hadi Likoni, FL ndiyo ninayoikuta kwenye kioo mara nyingi kuliko nyingine yoyote. Kwa hiyo CLAP haiko mbali nasi kama inavyodhaniwa. Iko kwenye kompyuta ya kijana ambaye hajui kwamba iko.

Neno kuhusu Cubase, maana studio za wakubwa zetu zilijengwa juu yake. Toleo la 9, la 2016, liliacha kabisa plagini za biti 32. Januari 2022 Steinberg wakatangaza kwamba ndani ya miezi 24 programu zao zitaacha VST2. Na ukiwa na Mac mpya yenye chipu ya Apple yenyewe, Cubase ikifunguliwa katika hali yake halisi husoma VST3 tu; VST2 itabidi uiendeshe kupitia Rosetta, yaani mkalimani. Nimeona mtu akinunua Mac kwa akiba ya miaka miwili, akafika nayo nyumbani, nusu ya ala zake zisionekane. Si kosa la muuzaji, na hakuna aliyemdanganya. Hakuuliza, basi.

Projekti za zamani: hapa VST2 inashinda

Narudi kwa mama wa Kuze, kwa sababu hili ndilo jambo ambalo makala nyingi za plagini hulipita kwa mstari mmoja.

Muziki wetu haumaliziki. Wimbo wa harusi hurudi na jina jipya. Kaswida ya Maulidi hurudi mwakani na ubeti umeongezwa. Mwanasiasa hutaka biti ile ile ya kampeni iliyopita, aibadilishe rangi. Mteja wa Ulaya akishachukua albamu yake huenda hamwonani tena. Mteja wa Mji wa Kale utakutana naye msikitini Ijumaa.

Sasa, projekti haihifadhi ala. Huhifadhi jina la ala na mahali pa vitufe vyake. VST2 hujitambulisha kwa herufi nne. VST3 hujitambulisha kwa namba ndefu ya baiti 16. Programu mama ikitafuta herufi nne na wewe umeweka VST3 peke yake, kwake huyo ni mtu mwingine kabisa hata kama sura ni moja. Kuna njia ambayo mtengenezaji anaweza kutamka ndani ya plagini yake, "mimi wa VST3 ndiye yule wa VST2", na Cubase ikiliona tamko hilo hubadilisha yenyewe. Lakini si watengenezaji wote waliotamka, wala si programu zote zinazosikiliza.

Kwa hiyo usifute VST2 kwa sababu umesoma mahali kwamba imekufa. Imekufa kwa watengenezaji. Kwako bado inakaa ndani ya kila wimbo uliowahi kulipwa.

Njia ya kuhama ni hii, na ndiyo ninayofanya sasa kila projekti ya zamani inapofunguliwa kwa sababu yoyote. Kwanza, ingali hai, nahifadhi mipangilio ya kila plagini kupitia menyu ya plagini yenyewe, si ya programu mama. Kisha naweka VST3 yake kwenye njia nyingine, naita mipangilio ile, nasikiliza zote mbili. Halafu, na hili ndilo muhimu, natoa kila ala kama faili la WAV, yaani sauti tupu, kuanzia sekunde ya kwanza hadi ya mwisho na kuliweka kwenye folda ya wimbo. WAV haihitaji mkalimani. Ningekuwa na WAV ya ile kanuni ya 2014, jina la bi harusi lingebadilishwa kabla chai haijapoa.

Kuna na suala la folda. Za VST2 zimetapakaa: moja iko kwenye VSTPlugins, nyingine ndani ya Steinberg, nyingine mahali ulipobofya ukiwa na usingizi. VST3 kwenye Windows ina nyumba moja, C:\Program Files\Common Files\VST3, na CLAP ina yake jirani hapo hapo, Common Files\CLAP. Inaonekana jambo dogo mpaka siku ya kuhamia kompyuta nyingine.

Joto, stima na ukimya

Februari Mombasa chumba cha studio kilichofungwa madirisha ili honi za tuktuk zisiingie ni tanuri. Laptopu ikipata joto hujipunguzia kasi, sauti ikaanza kukatika, nawe ukadhani ni plagini. Stima ikikatika nayo unabaki na betri, na betri hunywewa na kila plagini inayozunguka.

VST3 ina kitu hapa. Programu mama inaweza kuiambia plagini kwamba hakuna sauti yoyote inayoingia sasa, nayo ikaacha kupiga hesabu mpaka sauti irudi. Katika wimbo wa taarab wa dakika kumi, ambapo kikundi cha kuitikia huingia kila baada ya ubeti, plagini zote za waitikiaji hulala wakati wa ubeti. VST2 haikuwa na mazungumzo hayo rasmi. Watengenezaji wengine walijitahidi kivyao, wengine waliacha mwangwi ukipiga hesabu za ukimya usiku kucha. CLAP nayo inayo, na imeongeza jingine: plagini yenye sauti nyingi inaweza kuiomba programu mama iigawie kazi kwenye vyumba vyote vya prosesa badala ya kujaza kimoja.

Je, utaiona tofauti? Kwenye laptopu yenye nguvu, hapana. Kwenye ile ya mitumba uliyoinunua kwa bei ya maelewano, na projekti ina njia arobaini, ndiyo. Lakini usitegemee muujiza: mtengenezaji mzembe atakuwa mzembe katika kanzu zote tatu.

Saidicheni na MIDI: moja bao, moja kujifunga

Kwa njia ya pembeni, ile tunayoiita saidicheni, VST3 ilifanya vizuri. Unataka fidla zijishushe kidogo kila mwimbaji anapofungua kinywa, zirudi anaponyamaza. Katika VST2 jambo hilo lilikuwa hila: kupitisha sauti kwenye chaneli za tatu na nne, na kila programu ilikuwa na hila yake. VST3 ilitengeneza mlango rasmi wa pembeni, na kwenye Cubase unabonyeza kitufe kimoja. CLAP ni vivyo hivyo. Watumiaji wa Reaper hawakuwahi kuteseka na hili, maana Reaper huruhusu chaneli nyingi kwa plagini yoyote, na hawachoki kutukumbusha.

Kwa MIDI, yaani ujumbe wa noti unaotoka kwenye kinanda kwenda kwenye kompyuta, VST3 ilijifunga bao. Steinberg waliamua kwamba plagini isipokee ujumbe mbichi wa MIDI kutoka kwenye magurudumu na pedali. Kila ujumbe ugeuzwe kwanza kuwa kitufe cha plagini. Kwa wahandisi ni usafi. Kwa mtu mwenye plagini inayozalisha MIDI, unabonyeza noti moja nayo inaitolea noti tatu, au inazichezesha moja moja, ilikuwa balaa. Baadaye walirekebisha kidogo, lakini mpaka leo, ukiwa na plagini ya namna hiyo na VST2 yake inafanya kazi, ijaribu ya VST3 kabla hujaifuta ya zamani. CLAP hupokea MIDI kama ilivyo, hata ile ya 2.0.

Robo toni

Sasa tufike kwenye jambo linalotuhusu sisi kuliko linavyomhusu prodyuza wa Berlin.

Mwimbaji wetu akiimba bayati, noti ya pili ya ngazi haipo kwenye kinanda. Iko kati ya kitufe cheupe na cheusi, kama senti 150 juu ya noti ya kwanza (senti mia ni nusu toni), ilhali kinanda kinakupa 100 au 200. Rasti nayo ina noti ya tatu iliyokaa kati ya furaha na huzuni. Hao wazee waliopiga udi na fidla hawakuwa na tatizo, kidole hakijui vitufe. Tatizo tulilileta sisi tulipoingiza sinthi.

Njia ya VST2 ilikuwa pichibendi, lile gurudumu la kuipinda noti juu au chini. Lakini pichibendi hupinda chaneli nzima: ukishikilia noti ya chini kama besi na ukapinda ya juu, zote mbili zinapinda, na wimbo unalewa. Dawa ilikuwa kuipa kila noti chaneli yake ya MIDI. Ndivyo inavyofanya MPE, iliyopitishwa rasmi 2018, na MPE inafanya kazi hata ndani ya VST2. Inachosha kidogo kuipanga, ila inafanya kazi.

VST3, kuanzia 3.5 ya 2011, ilikuja na kitu bora zaidi: kila noti hubeba mkunjo wake wa sauti, wa nguvu, wa upande. Kwenye Cubase unabofya noti mara mbili, unachora jinsi inavyoteleza kutoka nusu hadi robo, na jirani yake haisikii. Tatizo ni kwamba ala lazima nayo ielewe. HALion Sonic na Padshop za Steinberg zinaelewa. Nyingine nyingi zimevaa kanzu ya VST3 bila kulijua neno hilo. Hapa uchelewaji wa VST3 unauma: kipaji kipo tangu 2011, watumiaji wake wachache, kwa hiyo watengenezaji hawakukihangaikia, kwa hiyo watumiaji wakabaki wachache.

CLAP imejengwa na jambo hili akilini tangu mwanzo. Kila kitufe cha sinthi kinaweza kusogezwa kwa noti moja moja, na kikisogezwa hakipotezi pale ulipokiweka. Ukiondoa msogezo kinarudi kwake. Ndani ya Bitwig na sinthi za u-he hili linaonekana waziwazi.

Hata hivyo ningekuwa mwongo nikikwambia uhamie CLAP kwa ajili ya bayati. Ikiwa ngazi yako imetulia, haitelezi, unachohitaji ni faili la tuni, lile la Scala lenye mwisho wa .scl. Surge XT, sinthi ya bure na msimbo wake uko wazi, husoma faili hilo, na huja kama VST3, CLAP na AU. Ipo pia MTS-ESP, inayopanga tuni ya sinthi nyingi kwa pamoja bila kujali kanzu zao. Nimerekodi rasti yenye tuni safi kabisa kwa njia hizo bila kuchora mkunjo hata mmoja. Mikunjo niliihitaji pale tu nilipotaka ala imfuate mwimbaji anavyokokota noti mwishoni mwa mshororo, na hilo, kusema kweli, mpiga fidla hulifanya kwa kurekodi mara moja tu, kwa malipo ya mchele wa pilau.

Kwa nini imechukua muda wote huu

Watu hulaumu uvivu. Mimi siuoni.

VST3 haikuwa VST2 iliyorekebishwa. Iliandikwa upya, ngumu zaidi kwa mwandishi wa programu, na leseni yake ilikuwa mkataba wa kutia saini na Steinberg, baadaye ikaongezwa na GPL, leseni ya msimbo wazi yenye masharti. VST2 ilikuwa inafanya kazi. Mtengenezaji wa plagini alisubiri programu mama zifungue VST3, na wenye programu mama walisubiri plagini ziwe nyingi. Kila mmoja akimwambia mwenziwe "tangulia bwana, karibu". Steinberg walipoona adabu hizi haziishi, walitangaza 2013 kwamba VST2 haitaendelezwa, na Oktoba 2018 wakaacha kutoa leseni yake. Waliokwisha kutia saini wakaendelea. Aliyeanzisha kampuni baada ya hapo hana ruhusa ya kutengeneza VST2. Ndiyo maana plagini nyingi mpya huzioni kabisa katika VST2.

Kushawishiwa ni kitu kimoja na kufungiwa mlango ni kingine. Miezi mitano baada ya tangazo la Januari 2022, CLAP ikatoka na leseni ya MIT: chukua, tumia, hakuna wa kutia saini naye. Na Oktoba 2025, Steinberg wenyewe wakaiweka VST3, toleo la 3.8, chini ya leseni hiyo hiyo ya MIT. Baada ya miaka 17, mlango uko wazi. Sioni namna ambayo CLAP haikuchangia.

CLAP nayo inapitia foleni ile ile sasa. Wengi hutengeneza plagini kwa kutumia JUCE, mkoba wa vifaa unaotoa kanzu kadhaa kwa kibonyezo kimoja, na kanzu ya CLAP haikuwamo mkobani. Waliotaka walitumia kiunganishi cha pembeni kilichotengenezwa na jamii. Kisha Cubase, Live, Logic na Pro Tools hazijaifungua. Sishangai.

Na sisi? Sisi tuna sababu yetu, na tuiseme. Maktaba za plagini za studio nyingi hapa zilipita kwa flashi, folda nzima ya .dll, na mwenye nayo hajui nani alinunua. Folda hiyo ni ya VST2, imeganda mwaka ilipokopiwa, haina masasisho. Kuhamia VST3 maana yake ni kuanza upya, na kuanza upya maana yake ni kulipa au kutafuta za bure. Habari njema ni kwamba za bure za leo zingewatoa machozi watu wa 2010.

Basi uweke ipi

Unaanza leo, huna projekti ya zamani, una FL Studio, Reaper au chochote: weka VST3 peke yake. Orodha fupi, folda moja, usiku wa kulala. Tiki ya VST2 iache wazi.

Una studio ya zamani yenye miaka ya kazi: weka VST3 kwa kila kazi mpya, VST2 zibaki kwa ajili ya za kale, na uzifiche kwenye orodha ili usizishike kwa mazoea. Usiboreshe kompyuta kabla hujatoa WAV za nyimbo ambazo unajua zitarudi. Za harusi zote zitarudi.

Una Bitwig, au FL ya 2024, au Reaper mpya, na unapenda kuchezea sinthi mpaka alfajiri: weka CLAP pale inapopatikana, VST3 pale isipopatikana. Ila ukishirikiana na mtu mwenye Cubase au Live, projekti ya pamoja fanyeni kwa VST3, maana CLAP kwake ni kile kidirisha cha kijivu.

Una Cubase kwenye Mac mpya: hakuna mjadala, VST3.

Unarekodi taarab au kaswida: aina ya plagini ije baadaye, tafuta kwanza sinthi inayosoma .scl.

Kuhusu kanuni ya yule mama, niliifufua hivi. Chini ya meza nina laptopu ya 2012, betri yake imekufa, chaja imefungwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli isilegee. Humo plagini ile bado inaitika. Niliiwasha, nikafungua projekti, nikatoa kanuni peke yake kama WAV, nikaihamisha kwa flashi. Siku tatu kati ya zile nne zilipotea nikitafuta hiyo chaja. Mama aliusikiliza wimbo kwa simu, kidole sikioni kwa sababu ya kelele za nje, akasema bi harusi wa sasa jina lake lina silabi moja zaidi, na mbona nimeliharakisha.

Nikaifungua tena.